Safari ya Kwanza ya Uwindaji Afrika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na karibu kila anayejiandaa kuingia porini na bunduki kwa mara ya kwanza. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini panapohusika nchi nyingine imetajwa.

Uwindaji unaruhusiwa nchi zote za Afrika?

Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977 na hadi leo haijarudisha. Tanzania nayo iliufunga mwaka 1973 ikaufungua tena 1978. Botswana ilisimamisha 2014, ikaruhusu tena 2019. Nchi zinazopokea wawindaji wengi wa kigeni ni Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe, Zambia, Msumbiji na Tanzania. Kwa kuwa sera hubadilika, ukisikia mtu anakuuzia safari ya mwaka kesho kutwa, muulize kitalu (eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji) ni cha nani na mkataba wake unaisha lini.

Nianzie nchi gani?

Inategemea unataka nini. Afrika Kusini na sehemu kubwa ya Namibia uwindaji hufanyika kwenye mashamba binafsi. Afrika Kusini sheria ya mwaka 1991 inamlinda mmiliki wa shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha, ili wanyama waliomo wabaki kuwa mali yake. Huko safari ni fupi, bei inajulikana mapema, na swala wa kila aina wapo karibu. Kwa mtu anayeanza si pabaya hata kidogo.

Tanzania na sehemu kubwa ya Zambia ni pori wazi. Hakuna uzio, mnyama anakwenda anakotaka, na unaweza kufuata nyayo kutwa nzima ukarudi kambini mikono mitupu. Vitalu vya Tanzania vimo kwenye mapori ya akiba kama Selous, Rungwa, Maswa na Moyowosi, kwenye mapori tengefu, na kwenye maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori yanayomilikiwa na vijiji. Selous ya leo si ile ya zamani: mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako bunduki ya mwindaji haingii.

Ushauri wangu: kama hujawahi kuwinda mnyama mkubwa popote, anza na swala. Ukilipenda pori, simba na nyati watakusubiri.

Msimu mzuri ni upi?

Tanzania msimu huanza Julai 1. Julai na Agosti asubuhi ni baridi na nyasi bado ndefu. Septemba na Oktoba joto ni kali lakini nyasi zimechomwa au kulala, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanaonekana. Mvua zikianza, barabara za mapori mengi hugeuka tope na magari hukwama. Namibia hufungua Februari hadi Novemba. Afrika Kusini wengi huenda majira yao ya baridi, Mei hadi Agosti.

Gharama zinahesabiwaje? Nimeona bei mbili tofauti kwa safari ileile.

Kwa sababu tangazo moja limeweka vitu ambavyo jingine limeviacha. Kwa kawaida unalipa ada ya siku (kambi, chakula, gari, mwindaji bingwa anayekuongoza na watu wake), ada ya kila mnyama utakayempiga, vibali na ada za uhifadhi za serikali, ndege ndogo ya kukufikisha kitaluni, kisha usafishaji, ufungashaji na usafirishaji wa nyara, yaani ngozi, pembe na mafuvu ya wanyama uliowapiga. Hizi za mwisho ndizo zinazowashtua watu, maana ankara yake inakuja miezi kadhaa baada ya safari, wakati mtu ameshasahau.

Omba ankara ya mfano iliyoandikwa kila kitu kwa mstari wake, na usikubali jibu la "mengine tutayaona mbele ya safari".

Nikimjeruhi mnyama akapotea, nalipa?

Ndiyo. Damu ikidondoka, umelipa. Hesabu hiyo hutumika karibu Afrika nzima, na mnyama huyo huhesabiwa kwenye kibali chako kana kwamba umempata. Nyati mmoja aliyejeruhiwa anaweza kumaliza siku tatu za safari yako, kwa sababu hakuna kuwinda kingine hadi atafutwe. Na ni haki iwe hivyo.

Nichague bunduki gani?

Watu hupoteza miezi kwenye swali hili. Kwa swala wa kawaida, kuanzia swala pala hadi tandala na kongoni, kaliba (kipimo cha tundu la mtutu na risasi yake) ya .30-06 au .300 yenye risasi nzuri inatosha. Kwa nyati, simba, tembo na kiboko, nchi nyingi zimeweka kima cha chini kuwa .375. Kaliba ya .375 H&H imekuwepo tangu 1912, na sababu ya kudumu kwake ni kwamba inafanya kazi zote mbili: unapiga swala leo, nyati kesho, bila kubadilisha bunduki. Wenye .416 au .458 wana nguvu zaidi mkononi, lakini wengi wao wanaiogopa bunduki yao wenyewe. Anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio hatampata nyati, hata ukimpa mzinga.

Chukua bunduki ya kukoki kwa mkono. Zile zinazojikoki zenyewe haziruhusiwi kwa uwindaji katika nchi nyingi, na bastola iache nyumbani.

Darubini ya bunduki iwe ya kukuza kidogo, mfano mara moja na nusu hadi sita. Nyati hupigwa mita 40 au 70, mara nyingine kichakani. Darubini ya kukuza mara kumi na mbili itakuonyesha manyoya meusi tu na usijue umeelekeza bega au paja.

Naweza kuazima bunduki kambini?

Kampuni nyingi wanazo za kukodisha, na kwa safari ya kwanza ni wazo zuri: unaepuka makaratasi ya viwanja vya ndege. Tatizo ni kwamba kitako kinaweza kuwa kirefu au kifupi kwako. Uliza mapema ni kaliba gani, ina darubini ya aina gani, na risasi zipo ngapi.

Nijiandaeje kulenga?

Hapa ndipo safari nyingi zinapoamuliwa, miezi mitatu kabla ya kupanda ndege.

Uwanja wa shabaha unakufundisha kupiga ukiwa umekaa, kiwiko mezani, pumzi imetulia. Porini hakuna meza. Mwindaji bingwa atasimamisha miti mitatu iliyofungwa juu pamoja, ataifungua mbele yako, na utakuwa na sekunde chache kuweka bunduki juu yake, kumpata mnyama kwenye darubini na kupiga. Utakuwa umesimama, umetoka kutembea kwa kuinama mita mia mbili, moyo unadunda hadi masikioni na jasho linaingia jichoni. Basi fanya mazoezi hivyo hivyo. Tengeneza miti yako, hata ya mianzi. Kimbia kidogo, panda ngazi, kisha weka bunduki kwenye miti na upige mita 50, 100 na 150. Ukiweza kuweka risasi zote ndani ya sahani ya chakula ukiwa unahema, uko tayari. Ukiweza mita 100 tu, mwambie mwindaji bingwa wako "mita 100". Hatakucheka. Atapanga namna ya kukusogeza.

Jizoeze pia kukoki upya bila kushusha bunduki begani. Wageni wengi hupiga mara moja, wanainua kichwa kutazama kama wako sinema, na nyati anaingia msituni na risasi moja mwilini. Kwa mnyama hatari unapiga, unakoki, unapiga tena hadi aanguke, na akishaanguka unaongeza.

Mazoezi ya miguu yasisahaulike. Kilomita 10 hadi 15 kwa siku juani si jambo la ajabu ukifuata nyati. Tembea na viatu utakavyovaa safarini, si vipya vya dukani.

Nilenge wapi?

Sahau alama ya "nyuma ya bega" uliyoizoea kama umewahi kuwinda Ulaya au Marekani. Moyo na mapafu ya wanyama wa Afrika yamekaa mbele zaidi, katikati ya mabega, na chini kuliko unavyodhani. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi ya kwanza ya kifua. Hapo ndipo. Nundu ya nyati na manyoya ya shingo ya nyumbu hudanganya jicho, ukidhani mwili unaanzia juu zaidi. Ukipiga katikati ya umbo lote unaloliona, risasi inapita juu ya mapafu.

Akikupa mgongo kidogo kwa pembe, fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili na upeleke risasi huko. Akikutazama uso kwa uso, subiri, isipokuwa mwindaji bingwa amesema upige. Akisimama ndani ya kundi, hakikisha nyuma yake hakuna mwingine: risasi ya .375 inaweza kupita kwa mmoja na kuingia kwa wa pili, na utawalipia wote wawili.

Pata picha za wanyama unaowataka na uzitazame kila pembe. Kazi ya dakika kumi jioni, faida yake kubwa.

Naweza kuwinda jike au mnyama mdogo?

Uwindaji wa kitalii Tanzania unalenga madume waliokomaa. Simba awe amefika angalau miaka 6, na kampuni inayopiga wachanga huadhibiwa. Chui ni dume tu. Kutambua umri ni kazi ya mwindaji bingwa, lakini wewe unayevuta kifyatulio ndiye unayeweza kusema "sina uhakika, tuache". Wanaoweza kusema hivyo ndio wageni wanaokumbukwa vizuri kambini.

Kusafiri na bunduki kuna ugumu gani?

Ugumu ni makaratasi. Tanzania, kampuni iliyokualika ndiyo inayoshughulikia kibali cha kuingiza silaha kabla hujafika. Watahitaji namba ya bunduki, kaliba na idadi ya risasi. Namba moja ikikosewa utalala Dar es Salaam ukisubiri. Afrika Kusini kuna fomu ya polisi SAPS 520. Ijaze kwa wino mweusi, lakini usiisaini hadi uwe mbele ya askari uwanjani. Anayetokea Marekani apitishe bunduki forodhani kwanza apate fomu namba 4457, maana nchi kadhaa huitaka kama ushahidi wa umiliki na yeye mwenyewe ataihitaji akirudi.

Bunduki husafiri bila risasi, kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Kanuni ya mashirika ya ndege ni kilo 5 za risasi kwa abiria, zikiwa zimefungwa vizuri kwenye mzigo wa chini, kamwe si begi la mkononi. Viwanja vingine vya Ulaya hudai kibali hata kama unabadilisha ndege tu. Kwa hiyo kata tiketi ya njia yenye vituo vichache, na mjulishe shirika la ndege kwa maandishi kwamba una silaha.

Nivae nini?

Kijani iliyofifia, kahawia, rangi ya vumbi. Nguo za mabaka ya jeshi ziache: Zimbabwe, Zambia na Tanzania raia akivaa anaweza kujikuta kituo cha polisi. Bluu na nyeusi nazo ziepuke, kwa sababu mbung'o wanazipenda, na mbung'o wa Moyowosi au Rungwa wanauma hata juu ya nguo. Dawa za kujipaka haziwasaidii sana watu dhidi yao. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia, sweta la asubuhi kwenye gari wazi.

Begi liwe laini, si sanduku lenye magurudumu. Ndege ndogo haina pa kuliweka. Nguo chache zinatosha kwa sababu kambini hufuliwa kila siku. Na mifuko ya plastiki Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo pakia vitu vyako kwenye mifuko ya kitambaa.

Afya je?

Dawa ya kinga ya malaria, anza kabla ya safari kama daktari atakavyoelekeza. Cheti cha homa ya manjano utaulizwa ukitokea, au ukipitia kwa muda mrefu, nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa porini na uliumwa na mbung'o. Malaria na malale hazigunduliki haraka kwa daktari ambaye hajaambiwa.

Muhimu kuliko vyote: bima ya kukuondoa porini kwa ndege. Hospitali ya maana inaweza kuwa mbali mno na kitalu. Soma mkataba wa bima uone kama uwindaji umo, kwani bima nyingi za watalii zinauacha nje.

Siku ya uwindaji inakwendaje?

Unaamshwa kabla ya alfajiri, chai, kisha gari. Mnazunguka polepole, msoma nyayo amekaa juu nyuma, anagonga paa akiona kitu. Kupiga kutoka ndani ya gari hairuhusiwi. Gari ni la kutafutia nyayo, kisha mnashuka.

Tuseme mmekuta nyayo za madume watatu wa nyati kando ya maji. Msoma nyayo anachuchumaa, anagusa ukingo wa kwato kuona kama mchanga bado unaporomoka. Mita chache mbele kuna kinyesi. Anaingiza kidole, anakipangusa kwenye nyasi, anasema "hawa wametutangulia kwa muda wa saa moja". Anatoa mfuko mdogo wa kitambaa wenye majivu, anautikisa. Majivu yanaelekea nyuma yenu: upepo mzuri, hauwapelekei nyati harufu yenu. Kuanzia hapo hakuna kuongea. Simu zima, wala usiiache kwenye mtetemo. Kila baada ya muda mfupi majivu yanatikiswa tena, na yakigeuka kuelekea mbele mtazunguka upande mwingine hata kama inamaanisha saa nzima zaidi kwenye miiba.

Mara msoma nyayo anaganda. Unaona kivuli, sikio, ncha ya pembe. Miti inawekwa. Mwindaji bingwa ananong'ona "yule wa kulia, ngoja ageuke". Ngoja ina maana ngoja. Mkia ukipeperushwa, ndege wakiruka, mmegundulika na mnaanza upya.

Mchana wa jua kali watu hupumzika, jioni mnatoka tena. Usiku kwa kawaida hamna uwindaji.

Porini bosi ni nani?

Kuna mwindaji bingwa mwenye leseni, anayebeba dhamana ya usalama wako. Kuna askari wa wanyamapori wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), anayesimamia sheria na kuandika kila mnyama kwenye kibali. Na kuna msoma nyayo. Kwa cheo yuko chini, lakini akisema tusimame, wote husimama. Kama ni mtu mzima mwite mzee, msalimie kwa "shikamoo" asubuhi, na usimwingilie akiwa anasoma ardhi. Kukanyaga nyayo anazozifuata ni kosa linaloudhi kuliko kukosa shabaha.

Mnyama akianguka, usikimbilie kupiga picha. Anaendewa kwa nyuma, na jicho linaguswa kwa ncha ya mtutu au kijiti kirefu. Jicho lisipopepesa, sogea.

Nyama inakwenda wapi?

Wewe na kambi mnakula. Mgeni asiyejaribu mkia wa nyati uliopikwa usiku kucha amejinyima. Nyingine hupelekwa vijijini. Nyumbani huwezi kuondoka nayo.

Nyara zangu zitanifikia lini?

Jiandae kusubiri, mara nyingi miezi mingi, pengine mwaka. Ngozi huchunwa na kutiwa chumvi siku hiyohiyo, mafuvu huchemshwa, kisha vinapitia ukaguzi, vibali na dawa za kuua wadudu. Wanyama waliomo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kama chui, simba na tembo, wanahitaji hati za ziada, na nchi yako inaweza kukataa hata kama Tanzania imeruhusu. Australia na Ufaransa zilizuia nyara za simba mwaka 2015. Ubelgiji ilipitisha sheria pana zaidi Januari 2024. Mashirika kadhaa ya ndege nayo yaligoma kubeba nyara baada ya kisa cha Cecil, simba maarufu wa Zimbabwe aliyeuawa na mwindaji mgeni mwaka huohuo wa 2015. Uliza mamlaka za kwenu kabla ya kulipa amana, si baada ya kupiga.

Watu watanisema kwa kuua wanyama. Nijibu nini?

Jibu kwa ukweli. Kuna mapori makubwa yenye mbung'o na bila mandhari ya kuvutia watalii wa kamera, na fedha ya uwindaji ndiyo inayolipa doria na barabara huko. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mgawo wa wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa unapofuatwa na kijiji kinapoona fedha. Simba aliyefugwa akafunguliwa ili apigwe hana hoja yoyote ya uhifadhi nyuma yake. Ukiletewa ofa ya bei rahisi ya simba wa uhakika, ujue ndiyo hiyo, ikatae.

Mimi ni Mtanzania. Lazima nipitie uwindaji wa kitalii?

Hapana. Kuna uwindaji wa wenyeji, kwa leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwenye maeneo yaliyotengwa na kwa aina za wanyama zilizoorodheshwa. Bunduki yako iwe na leseni halali ya polisi. Nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu uulize maeneo ya mwaka huo. Kuingia porini na gobori la babu bila leseni ni ujangili, hata kama ni digidigi mmoja wa mboga.

Bakshishi ni kiasi gani?

Ni hiari, lakini imezoeleka. Muulize meneja wa kambi kiwango cha kawaida, kisha gawa kwenye bahasha zenye majina: msoma nyayo, dereva, mchuna ngozi, mpishi, mfua nguo. Mpe kila mtu mkononi mwake. Wasioonekana sana, yule anayechota maji ya kuoga saa kumi alfajiri, ndio husahaulika.

Siku zangu zikiisha sijapata ninachotaka?

Mnyama ambaye hukumpiga hulipii ada yake, ila ada ya siku umeshatumia na hairudi. Kama kitalu hakina mgeni anayefuata, unaweza kuongeza siku mbili tatu kwa makubaliano. Hatari iko jioni ya mwisho, pale mgeni anapoanza kumtamani dume mchanga aliyemkataa siku ya pili. Siku ya kwanza kabisa, mkiwa bado na akili zenu timamu, kubaliana na mwindaji bingwa kima cha chini mtakachokubali, na mwombe akushikilie hapohapo hadi ndege ije.